Kiboko, Kobe na Jongoo: Somo la Sayansi Bamburi

Haller Park iko Bamburi, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, kando ya barabara kuu iendayo Malindi. Siku za shule mabasi ya wanafunzi huanza kuingia asubuhi, mengine kutoka mitaa ya Mombasa yenyewe, mengine yamesafiri usiku kucha kutoka bara. Wageni wengi huiita bustani ya wanyama, na hawakosei sana, kwa kuwa wanyama wakubwa wako ndani ya ua, wana walezi na hupewa chakula kwa saa maalumu. Kwa mwalimu wa sayansi, hata hivyo, mahali hapa pana kitu kisichopatikana katika bustani nyingi za wanyama. Msitu unaowapa wanyama hao kivuli ulipandwa na watu juu ya mwamba mtupu, na kiumbe aliyesaidia sana kuusimamisha ni mdogo kiasi kwamba mwanafunzi anayekimbilia kwa twiga anaweza kumkanyaga.

Kazi huanza darasani, wiki moja au mbili kabla ya basi kuondoka. Barua za kuwaomba wazazi ruhusa, nauli, chakula cha mchana, kofia na maji ya kunywa ni mambo ambayo shule nyingi huyamudu vizuri. Linalosahaulika ni swali. Mwanafunzi asiyejua anatafuta nini huona wanyama wengi na kukumbuka wachache, na pengine atakachosimulia nyumbani ni aiskrimu aliyonunua langoni. Kwa hiyo darasa hupitia kwanza makundi makuu. Wanyama wenye uti wa mgongo ni samaki, amfibia, reptilia, ndege na mamalia. Wasio na uti wa mgongo ndio wengi zaidi kwa mbali: wadudu, buibui, konokono, minyoo, jongoo na jamaa zao. Kisha kila kikundi cha wanafunzi 5 au 6 hupewa wanyama wawili wa kuwachunguza kwa kina, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, na huandaa maswali yake mapema. Mnyama huyu anapumua vipi? Ngozi yake imefunikwa na nini? Mwili wake unapata wapi joto, na unalipunguza vipi? Anakula nini, na ni kiungo gani kinachoonyesha hivyo?

Baadhi ya walimu hugawa karatasi yenye majina 20 ya wanyama na visanduku vya kutia alama. Karatasi ya namna hiyo hurahisisha usimamizi, lakini huharibu uchunguzi. Mtoto humwona mamba, hutia alama, hukimbia mbele. Wanyama wawili waliotazamwa kwa nusu saa kila mmoja hufundisha zaidi ya 20 waliopitwa.

Baada ya kushuka kwenye basi, jambo la kwanza linalostahili kuelezwa ni ardhi yenyewe. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kuzalisha mwaka 1954. Malighafi yake ilikuwa mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe ya kale, yaani mabaki ya viumbe walioishi baharini wakati usawa wa bahari ulipokuwa juu kuliko wa leo. Mawe hayo yalichimbwa karibu kufikia maji ya ardhini. Kilichobaki kilikuwa sakafu ya mwamba isiyo na udongo wala kivuli, iliyochomwa na jua kutwa, na maji ya chini yake yalikuwa ya chumvichumvi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo mzaliwa wa Uswisi aliyeajiriwa na kiwanda hicho, alianza kujaribu kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili zilikuwa 3 tu: mnazi, damasi wa Pembe ya Afrika, na mvinje.

Mvinje ndio uliobeba mzigo. Wakazi wa pwani wanaujua vizuri kwa kuwa huota hata kwenye mchanga wa ufuoni, na upepo ukipita ndani yake huvuma kwa sauti ya pekee. Yale yanayoonekana kama majani membamba mfano wa sindano kwa kweli ni vitawi vya kijani. Majani yenyewe ni magamba madogo mno yaliyozunguka viungo vya vitawi hivyo, na udogo huo huzuia maji yasipotee ovyo. Mizizini kuna vinundu wanamoishi bakteria waitwao Frankia, ambao huchukua nitrojeni ya hewani na kuigeuza ikawa katika hali ambayo mti unaweza kuitumia. Hiyo ni mbolea inayotengenezwa papo hapo, na bila hiyo mti usingeweza kukua mahali pasipo udongo.

Tatizo lilikuja baadaye. Vitawi vilianguka kwa wingi, vikarundikana, wala havikuoza, kwa sababu vina tanini nyingi inayowazuia vijidudu wa kuozesha kufanya kazi yao. Palikuwa na miti, lakini udongo haukutengenezwa. Haller aligundua kwamba kuna jongoo wa pwani mwenye miguu myekundu anayeweza kuvitafuna, na jongoo hao wakakusanywa na kuachiliwa machimboni. Jongoo hula kilichokufa. Hukisaga, hukipitisha tumboni, na kinyesi chake huwa chembe laini ambazo bakteria na kuvu huzimalizia kwa urahisi. Mwaka hadi mwaka mboji ikajengeka juu ya mwamba, mimea mingine ikapata pa kushikiza mizizi, wadudu wakafuata mimea, na ndege wakafuata wadudu.

Pwani jongoo hana heshima kubwa. Methali inasema mtupa jongoo hutupa na mti wake, na watoto wengi humjua kama kitu cha kuondolewa uani kwa kijiti. Bamburi anastahili dakika nyingi kuliko mamba. Mwanafunzi akichuchumaa na kumtazama ataona mwili wenye pingili nyingi, na karibu kila pingili ina jozi mbili za miguu. Hapo ndipo anapotofautiana na tandu, mwenye jozi moja kwa kila pingili. Si mdudu, kwa kuwa mdudu ana miguu 6 na mwili wa sehemu 3. Akiguswa hujikunja, na anaweza kutoa majimaji yanayowasha, kwa hiyo mikono huoshwa kabla ya kugusa macho. Wanafunzi hupenda kujua kama kweli ana miguu 1,000. Jongoo wengi wana michache kuliko hiyo kwa mbali. Wa kwanza kujulikana kupita idadi hiyo alitangazwa na wanasayansi mwaka 2021, kutoka ardhini Australia, akiwa na miguu 1,306.

Shule iliyo mbali na Bamburi inaweza kulifanya somo hili kwa maboksi mawili. Yote mawili hutiwa majani makavu ya uzito uleule, hunyunyiziwa maji kiasi kilekile na kuwekwa kivulini; katika moja huongezwa jongoo 5 au 6 waliookotwa chini ya miti. Baada ya mwezi, majani yaliyobaki na chembechembe zilizo chini ya kila boksi hulinganishwa, na jongoo hurudishwa walikotoka. Boksi lisilo na jongoo ndilo linaloufanya mchezo huu uwe jaribio la kisayansi, kwa sababu bila hilo hakuna awezaye kujua kama majani yangepungua yenyewe.

Njia ya wageni inapita kwenye mabwawa ya samaki. Samaki wanaofahamika zaidi hapa ni jamii ya ngege na perege, na ni wazuri kwa wanaoanza kuchunguza, maana hawakimbii mbali. Kikundi kinaweza kuhesabu mara ngapi kifuniko cha mashavu ya samaki hufunguka na kujifunga kwa dakika moja. Kila mfunguko ni maji yanayopita juu ya mashavu na kuacha oksijeni kwenye damu. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi, kwa hiyo hesabu ya saa 3 asubuhi na ile ya saa 7 mchana huenda zisilingane. Hapo tayari kuna swali la kurudi nalo darasani.

Mamba huwavutia wanafunzi na mara nyingi huwaudhi, kwa sababu hafanyi lolote. Kutulia huko ndiko kunakopaswa kuelezwa. Mamba ni reptilia. Joto la mwili wake hutegemea joto la mahali alipo, hivyo huota jua anapotaka kupata joto na huingia majini au kivulini anapotaka kulipunguza. Akifungua mdomo na kuuacha wazi hatishi mtu. Anapoteza joto kupitia sehemu laini za ndani ya kinywa. Kwa kuwa hatumii chakula chake kuuchemsha mwili kama wafanyavyo mamalia, anaweza kukaa miezi bila kula. Mamalia wa uzito huohuo angekuwa amekwisha kufa.

Yapo mengine ambayo jicho haliyaoni na ambayo mwelekezi au mwalimu lazima ayasimulie. Mamba jike wa Afrika hufukia mayai yake mchangani na kuyalinda kwa takriban miezi mitatu. Hakuna kinachoamua ndani ya yai tangu mwanzo kama mtoto atakuwa dume au jike. Kinachoamua ni joto la kiota. Kati ya nyuzi 32 na 34 hivi hutoka madume zaidi, na chini au juu ya hapo hutoka majike. Watoto wakikaribia kuanguliwa hulia wakiwa bado ndani ya yai, mama huwasikia, hufukua kiota na kuwabeba kinywani hadi majini. Moyo wa mamba una vyumba vinne, kama wa ndege na wa binadamu, tofauti na ule wa nyoka au mjusi wenye vitatu. Jamaa wa karibu zaidi wa mamba walio hai leo ni ndege. Taarifa hiyo huzua ubishi darasani, na ubishi huo una faida kuliko kukariri sifa tano za reptilia.

Kobe wakubwa wa Haller Park ni wa aina ya Aldabra, kutoka visiwa vya Ushelisheli. Dume aliyekomaa anaweza kupita kilo 200, na umri wao huzidi miaka 100. Baadhi ya watoto huamini kwamba kobe anaweza kutoka ndani ya gamba kama mtu anayevua koti. Gamba ni sehemu ya mifupa yake: mbavu na uti wa mgongo vimeungana nalo, na juu yake kuna vibamba vya dutu ileile inayotengeneza kucha. Kwa kuwa mbavu haziwezi kutanuka, kobe hupumua kwa misuli iliyo karibu na miguu na tumbo. Mwanafunzi akikaa kimya mbele ya kobe anayepumzika huiona ngozi iliyo kati ya shingo na miguu ikiingia na kutoka. Meno hana, hukata majani kwa kingo ngumu za mdomo. Anayemgusa kobe huosha mikono kwa sabuni kabla ya kula, maana reptilia wanaweza kubeba bakteria wa salmonela hata wakiwa wazima.

Mmoja wa kobe hao alipata umaarufu duniani kote. Mwishoni mwa mwaka 2004, mafuriko ya mto Sabaki yalikuwa yamewasukuma viboko kuelekea baharini karibu na Malindi, kisha mawimbi ya tsunami yakafika pwani tarehe 26 Desemba. Siku iliyofuata watu walifanikiwa kumnasa kwa nyavu mtoto wa kiboko aliyebaki peke yake kwenye miamba. Alikuwa na umri wa takriban mwaka mmoja na uzito wa karibu kilo 300. Alipewa jina la mmoja wa waokoaji wake, Owen, akapelekwa Haller Park. Huko alimfuata kobe dume aliyeitwa Mzee, aliyekadiriwa kuwa na miaka 130 hivi, akajificha nyuma yake. Mzee hakufurahi mwanzoni. Baada ya siku kadhaa wakawa wanalala pamoja, wanakula pamoja na kuingia majini pamoja. Baadaye Owen alihamishiwa kwa kiboko jike aitwaye Cleo.

Vitabu vya watoto na magazeti viliyaita mambo hayo urafiki, na huenda ni neno la haki. Kwa somo la sayansi kisa hiki kinatumika vizuri zaidi kwa zoezi gumu kidogo, la kutenganisha kilichoonekana na kilichodhaniwa. Kilichoonekana ni kwamba kiboko mdogo alilala ubavuni mwa kobe na kumfuata alikokwenda. Maelezo ni jambo jingine. Mtoto wa kiboko hukaa na mama yake kwa miaka kadhaa na hujificha ubavuni mwake akiogopa. Kobe mkubwa ana umbo la mviringo na rangi ya kijivu, na kwa hilo anafanana kidogo na kiboko mzima. Je, Owen alimdhania Mzee kuwa kiboko? Je, alitafuta tu kitu kikubwa cha kujikinga nacho? Na Mzee alimkubali, au alichoka kumkimbia? Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kuandika majibu mawili tofauti kwa tukio moja, kisha akataja ni kitu gani kingine angehitaji kuona ili achague kati yao. Hiyo ndiyo kazi ya watafiti wa tabia za wanyama, na wao pia huvutana kama wanafunzi.

Kiboko mzima huonyesha mengi bila hata kutoka majini. Macho, masikio na pua viko juu ya kichwa kwenye mstari mmoja, hivyo anaona, anasikia na kupumua mwili mzima ukiwa umezama. Pua na masikio hujifunga anapozama, na anaweza kukaa chini ya maji kama dakika tano. Ngozi yake hutoa majimaji mekundu ambayo watu wa zamani waliyadhania damu. Mwaka 2004 wanasayansi wa Japani walieleza kemikali zilizomo: hukinga ngozi dhidi ya jua na huzuia bakteria. Kwa mnyama asiye na manyoya, anayepigana kwa meno na kukaa katika maji machafu, hiyo si kinga ndogo. Na jamaa zake wa karibu walio hai si nguruwe, kama sura inavyodanganya, bali nyangumi na pomboo.

Kwa twiga wageni hupanda jukwaa na kuwalisha kwa mikono, na kelele za wanafunzi hufika kileleni. Twiga hawa ni wa aina ya Rothschild, wanaotambulika kwa miguu isiyo na madoa chini ya magoti, kama waliovaa soksi nyeupe. Ulimi unaonyoshwa kuchukua chakula una urefu wa karibu nusu mita na mbele una rangi nyeusi ya zambarau. Wengi wanaona kwamba rangi hiyo huukinga dhidi ya jua, kwa kuwa uko nje ya kinywa kutwa. Dume na jike hutofautishwa kwa kutazama pembe: za jike huwa na nywele ncha nzima, za dume huwa zimenyonyoka juu kwa sababu ya kupigana kwa vichwa.

Jambo ambalo wageni wengi hulikosa ni tonge. Twiga hucheua kama ng'ombe na mbuzi. Akimaliza kula na kusimama kimya, tonge la majani huonekana likipanda ndani ya shingo kutoka tumboni, hutafunwa kwa nusu dakika au zaidi, kisha humezwa na kuonekana likishuka. Hakuna picha ya kitabuni inayoweza kulionyesha hilo. Shingo ambayo tonge limepita ina pingili 7 tu, sawa na ya mwanafunzi anayeitazama, ila kila pingili ni ndefu mno. Ili damu ifike kichwani, moyo wenye uzito wa kilo 11 hivi huisukuma kwa shinikizo linalokaribia mara mbili ya la binadamu. Anapoinama kunywa maji, vali zilizo kwenye vena za shingo huzuia damu isirudi kwa kishindo kichwani.

Pofu, kuro, choroa na nyati hutazamwa kwa haraka zaidi. Inatosha kulinganisha pembe zao, ambazo hazidondoki kama za kulungu wa Ulaya. Kwenye banda la nyoka wanafunzi huambiwa wasigonge kioo, kwa sababu nyoka huhisi mtetemo hata kama hana sikio la nje. Ulimi wake wenye ncha mbili hauna sumu. Hukusanya chembe za harufu na kuzipeleka kwenye kiungo maalumu kilicho juu ya kinywa. Chatu hutaga mayai na kujizungusha juu yake. Kifutu, ambaye pwani wengine humwita bafe au moma, huzaa watoto walio hai. Mwanafunzi aliyekariri kwamba reptilia wote hutaga mayai ataondoka na marekebisho.

Tumbili hawakufungiwa, na hawajaalikwa. Wanaishi msituni kwa hiari yao na wanajua vizuri saa ya chakula cha mchana cha shule. Anayeacha begi wazi huchangia utafiti wa tabia zao kwa chapati zake. Ila ni wanyama wa kufaa sana kulinganishwa na walio ndani ya ua: wanachagua wenyewe pa kwenda, wanatafuta chakula, wanagombana na kusafishana manyoya.

Njia rahisi ya kuandika tabia ni ya kutazama kwa vipindi. Kikundi huchagua mnyama mmoja, hushika saa, na kila dakika inapotimia huandika anachofanya wakati huo tu: amelala, anakula, anatembea, amezama, anamtazama mwenzake. Baada ya dakika 20 kuna alama 20 kwenye jedwali. Mtunza saa asiruhusiwe kuandika tendo la kusisimua lililotokea katikati ya dakika, hata kama lilimfanya kila mtu apige kelele, kwa kuwa tukio la kuvutia likihesabiwa zaidi ya kulala, picha ya maisha ya mnyama itapotoka. Wanaofika mapema huona mengi. Adhuhuri joto likizidi, karibu kila mnyama hulala, na jedwali zima hujaa neno moja.

Uchunguzi wa bustanini una mipaka, na mwanafunzi anapaswa kuambiwa waziwazi. Kiboko wa porini hutoka majini usiku na kutembea kilomita kadhaa akitafuta nyasi, hula hadi kilo 40 hivi, kisha hurudi kabla ya jua kuwaka. Aliyemwona akipewa chakula mchana kweupe ataandika kwamba kiboko hula mchana, na atakuwa ameandika ukweli wa bustani, si wa kiboko. Mnyama aliyefungiwa hawindi wala hahami na msimu. Mahali ambapo eneo ni finyu, mnyama anaweza kuzoea kwenda na kurudi njia ileile saa nzima. Mwanafunzi akiliona hilo popote, aliandike kama alivyoandika mengine, wala asifundishwe kulifumbia macho.

Kwa upande mwingine, kuna viumbe ambao wasingekuwepo leo kama si bustani za wanyama. Chura wa Kihansi, asiyezidi sentimita 3, aliishi mahali pamoja tu duniani: kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi, katika milima ya Udzungwa nchini Tanzania. Bwawa la umeme lilipopunguza maji ya maporomoko, manyunyu yalikauka. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani, na vizazi vyao vililelewa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka uliofuata baadhi yao walirudishwa Tanzania, kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kuachiliwa tena Kihansi, ambako mitambo ya kunyunyiza maji ilikuwa imewekwa. Chura huyu pia huzaa watoto walio hai, jambo la nadra kwa amfibia.

Siku inayofuata safari, kabla kumbukumbu hazijachanganyika na masimulizi, vikundi huleta majedwali yao. Alama hubadilishwa kuwa grafu ya nguzo, na mara nyingi vikundi viwili vilivyomtazama mnyama mmoja hupata nguzo zisizolingana. Mwalimu mwepesi wa kusahihisha atauliza ni kipi kilichokosea. Afadhali aulize kwanza vilitazama saa ngapi, na kama vilikubaliana "kupumzika" ni kufanya nini. Ripoti huandikwa kwa sehemu mbili, yaliyoonekana na maelezo yake, na kila sentensi ya sehemu ya pili hutaja ushahidi kutoka sehemu ya kwanza.

Maswali ambayo kutazama hakukuweza kuyajibu hubaki ubaoni. Moyo wa twiga na ule wa mamba ni mfano mzuri, kwa kuwa hakuna aliyeuona. Moyo wa mbuzi au wa ng'ombe unaweza kununuliwa buchani kwa bei nafuu, ukaoshwa na kupasuliwa mbele ya darasa na mwalimu aliyevaa glavu. Vyumba vinne huonekana bila shida, pamoja na vali zinazoilazimisha damu kwenda upande mmoja tu. Ukuta wa chumba cha chini cha kushoto ni mnene kuliko wa kulia, kwa sababu ndio unaosukuma damu mwili mzima. Wa kulia huipeleka mapafuni tu, hapo jirani.